Jumapili nitaje riwaya gani ya Kiswahili?

SWALI: Mimi ni muuguzi, naishi Mwanza. Tuna kikundi cha WhatsApp cha watu wanaopenda kusoma. Kila Jumapili jioni kila mmoja anasema anasoma nini, kisha anapendekeza kitabu kimoja. Karibu wote hutaja vitabu vya Kiingereza, vingi ni vya mafanikio na fedha. Natamani kutaja riwaya ya Kiswahili, lakini mara ya mwisho kuisoma ilikuwa sekondari: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Nikizikumbuka naona maswali ya mtihani tu. Baada ya hapo nikachukua sayansi. Nianze na ipi? Na wewe unasoma nini sasa, na ukiambiwa utaje kimoja tu unachokipenda kuliko vyote, ni kipi? Halafu kuna mwenzetu huturushia PDF za riwaya. Ni sawa kuzisoma?

JIBU: Dada yangu, ukiuliza swali hili mbele ya walimu wa fasihi, tisa kati ya kumi watakuambia uanze na Shaaban Robert. Mimi nasema usianze naye.

Si kwamba nambeza. Kusadikika, iliyotoka 1951, ni kitabu cha ujasiri ambao hatuusemi vya kutosha. Mtumishi wa serikali ya kikoloni anakaa chini anaandika habari za nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Akisimama kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia kuitafutia nchi yao mema, wakarudi na mema hayo, wakaishia gerezani. Ukiisoma mwaka huu utakuna kichwa na kujiuliza iliandikwa lini hasa. Lakini hadithi yenyewe inakwenda kwa hotuba. Watu wake wanasimama badala ya mawazo, majina yao yanakutangazia tabia zao kabla hawajafungua kinywa, na sentensi zake zinataka msomaji aliyekwisha zoea kutulia. Mtu anayerudi kwenye Kiswahili baada ya miaka mingi ya ripoti za wodi na ujumbe wa simu atasoma kurasa kumi na tano, atasinzia, kisha atajilaumu yeye. Mwache Shaaban Robert akungoje mwakani.

Anza na Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi. Ilichapishwa 1999 na Mkuki na Nyota, na kama ungechukua mchepuo wa sanaa kidato cha tano huenda ungekutana nayo darasani. Wewe ulikwenda sayansi, kwa hiyo hujawahi kuulizwa dhamira zake. Bahati iliyoje.

Tuko Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmini, msichana wa Kihindi, bado mbichi kabisa, ameozeshwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, ambaye kwa umri angeweza kabisa kuwa baba yake. Anavumilia, hatimaye anashindwa, anaondoka. Kwao wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, mwenye chumba kimoja, maneno mengi na moyo mkubwa kuliko nyumba zote za mawe za Mji Mkongwe. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, asiye na kazi, anayewindwa na Inspekta Wright kwa sababu ya siasa na magazeti yanayoingizwa kisiwani kwa siri. Zaidi ya hapo sisemi.

Ninachokipenda ni kwamba Adam Shafi hana haraka ya kukufundisha. Anakupeleka kwanza ngomani, jikoni, kwenye kijia cha Ng'ambo usiku, na siasa inakuja yenyewe mlangoni, na buti zake. Mwajuma peke yake anatosha kukuweka macho. Kila anapoingia, mazungumzo yanachemka: anatania, anakemea, anampamba Yasmini kwa ajili ya kutoka usiku huku akimpa mashauri ambayo mama mzazi asingethubutu kuyatoa. Kuna filamu yake pia, ya mwongozaji Amil Shivji, iliyotoka 2021. Ni nzuri kwa macho, ila soma kwanza, usije ukakopeshwa sura za wahusika na mtu mwingine.

Neno moja kuhusu lugha. Kiswahili cha waandishi wa Unguja kina msamiati ambao sisi wa bara tunausikia kwa nadra. Utakutana na maneno usiyoyajua, mawili matatu kila ukurasa. Usikae na kamusi pembeni. Pita. Neno likirudi mara ya tatu utakuwa umeshaliotea maana, na yale yasiyorudi hayakuwa na madhara. Nimeona wasomaji wazuri wakikwama kwa sababu walilifanya kila neno geni kuwa kituo cha basi.

Kama zamu za usiku zimekuchosha na unataka kitu chepesi zaidi, kuna njia nyingine ya kuingilia: upelelezi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na hadithi yake ikatoka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko mdomoni, asiyerusha ngumi wala risasi. Anauliza, anasikiliza, anavuta kiko, na rafiki yake Najum anabaki kushangaa kwa niaba yetu. Kisima cha Giningi ndiyo ningekupa kwanza, ingawa Duniani Kuna Watu inachekesha zaidi. Lugha yake ni tamu mno, na mafumbo yake mengi yanatokana na siri za familia, nani mtoto wa nani, nani alibadilishiwa nani.

Bara tulikuwa na wetu. Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Muulize mtu yeyote aliyekuwa kijana miaka ya 1970 na 1980, uso utamchangamka: vitabu hivyo vilizunguka kutoka mkono hadi mkono mpaka majalada yakang'oka. Mbio ni mbio kweli, hutakiweka chini. Ila nitakuwa mkweli, wanawake wengi humo wamewekwa kama mapambo ya chumba cha hoteli, na wewe kwa umri wako utaliona hilo mapema. Soma kimoja, ufurahi, uendelee na safari. Kwa waandishi wa sasa wa mtindo huo, Hussein Tuwa ana mkono mzuri.

Sasa turudi kwenye vile vitabu vya shule, maana umevitaja kama mtu anayetaja adhabu.

Ukipita kwenye meza za vitabu vilivyotumika utaokota nakala za zamani za vitabu vya kiada, na pembezoni mwa kurasa utakuta penseli ya mwanafunzi. Mama analia, mtoto amefukuzwa shule, nyumbani hakuna unga, na pembeni mtu ameandika: "sifa za mhusika: mvumilivu, mchapakazi, hana elimu." Mstari umepigwa chini ya machozi. Ndivyo tulivyosomeshwa, na simlaumu mwanafunzi, kwani mtihani ulimtaka hivyo. Lakini kitabu kilichosomwa kwa namna hiyo hakijasomwa. Kimekaguliwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: kabla hujanunua kipya, tafuta Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, uisome tena bila kalamu mkononi. Ulipokuwa sekondari ulikuwa rika moja na Peter na Zita, watoto waliofukuzwa shule kwa sababu nyumbani hakuna fedha. Leo wewe ndiye uko kwenye umri wa mama yao. Unafanya kazi mahali ambapo mama wa namna ile hufika usiku akiwa na mtoto mgongoni na hana hata nauli ya kurudi. Nakuhakikishia hutamsoma kama "mhusika mkuu msaidizi".

Jambo lingine linalotunyima utamu ni mpaka. Si mpaka wa lugha, ni mpaka wa mitihani. Mtanzania anazijua riwaya zilizowekwa kwenye muhtasari wa Tanzania, Mkenya anazijua za Kenya, na kila upande unadhani hiyo ndiyo fasihi nzima ya Kiswahili. Uliza Nairobi au Mombasa kuhusu Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, na watu watakutajia jina la Kongowea Mswahili kama wanavyotaja jirani. Huku kwetu wengi hawaijui, ilhali Kongowea huyo anakulia Tanga! Mama yake ni mwimbaji wa taarabu, baba yupo mbali, na kijana anafunga safari hadi Kitale kumtafuta. Walibora alifariki Nairobi Aprili 2020. Siku Njema ni ya kijana na inasomeka kwa siku mbili, kwa hiyo mwanao akifika darasa la saba mpe.

Kutoka upande huohuo wa mitihani ya Kenya kuna Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, ya 1980. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, ambaye nje ya nyumba ni mheshimiwa na ndani ni kitu kingine. Siku anapotoka, anatoka moja kwa moja kwenye shimo. Ni nzito. Usiichukue wiki ambayo wodi imekuelemea.

Sasa nifike kwenye kipenzi changu, na hapa nitavutia kwako kidogo, kwa sababu kinatoka ng'ambo ya maji unayoyaona kila siku.

Ukerewe ni kisiwa cha ajabu katika fasihi yetu. Kimetoa waandishi watatu ambao nchi nyingine zingewajengea sanamu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo 1944, akaandika Rosa Mistika, iliyotoka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu ilisema wazi yanayowapata mabinti. Gabriel Ruhumbika aliandika Miradi Bubu ya Wazalendo. Na kabla yao wote alikuwapo mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896.

Kitereza alimaliza riwaya yake mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapisha kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja. Muswada ukakaa. Miaka ikapita, uzee ukaingia, na mzee akakaa chini akaitafsiri mwenyewe yote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaichapa 1980, katika vitabu viwili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki. Baadaye Ruhumbika, mtoto wa kisiwa kilekile, ndiye aliyeifasiri kwa Kiingereza.

Hadithi yenyewe ni rahisi kuisimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawapati mtoto. Mimba zinatoka. Ndugu wa mume wananong'ona, kisha hawanong'oni tena, wanasema kwa sauti. Wazazi wa mke wanakasirika na kumrudisha binti yao nyumbani. Mume anamtaka mkewe. Inabidi aende ukweni kumwomba, atozwe faini ya pombe ya ndizi, na hapo Kitereza anafanya kitu ambacho mhariri yeyote wa leo angekifyeka: anakuonyesha pombe hiyo inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, ndizi zinavyovundikwa, zinavyokamuliwa, nani anashika nini, nani anatania nani wakati wa kazi. Kurasa na kurasa. Mwanzoni unauliza hadithi imekwenda wapi. Ukishazoea unagundua kwamba hiyo ndiyo hadithi: mwanamume anayekataa kuoa mwingine, na kazi yote ya mikono ambayo kukataa huko kunamgharimu.

Kwa muuguzi kuna zaidi. Jinsi Bugonoka anavyotafutiwa dawa, mganga anavyomuuliza maswali, jinsi mimba inavyolindwa na kila mtu mwenye mdomo akitoa mwiko wake: utazitambua sauti hizo, kwa sababu bado zinakuja na wagonjwa wako kutoka visiwani. Kitereza hawacheki wala hawatetei. Anaandika walichofanya.

Si kitabu cha kuanza nacho. Ni kirefu na watu wake wanasalimiana kwa utulivu wa watu ambao hawana mahali pa kuwahi. Kisome cha nne au cha tano. Lakini ukinibana nitaje kimoja tu, nitataja hicho, na nitakitaja hata mbele ya wapenzi wa Kezilahabi, ambao ni wengi na ni wakali. (Wao watakusukuma kwenye Nagona na Mzingile. Waambie baadaye. Ni vitabu vya kifalsafa vya mwandishi aliyekwisha choka na riwaya za kawaida, na vinamtaka msomaji aliyekwisha zisoma hizo za kawaida.)

Unaniuliza ninachosoma sasa. Mezani kuna Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kitabu cha Kiingereza kilitoka 1994. Ilibidi tungoje hadi 2022 kukipata kwa Kiswahili. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anaondoka kwao kwa treni na tajiri anayedhani ni ndugu wa familia, mpaka Khalil, kijana wa dukani, anamfungua macho: huyo si ndugu yako, umewekwa rehani kwa deni la baba yako. Ninakisoma taratibu, kwa kuwa wahusika hawa walikuwa wakiongea Kiswahili tangu mwanzo na ndiyo kwanza wanasikika kwa sauti zao. Utani wa Khalil hasa umerudi nyumbani.

Kando ya kitanda huwa naweka mashairi, ukurasa mmoja kabla ya kulala. Kwa sasa ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa waraka ulioiuliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi hayo aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973 na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Kimvita chake, yaani Kiswahili cha Mombasa, kitakusumbua. Anza na shairi la "Siwati", lisome kwa sauti.

Na Jumapili yenyewe utasema nini? Usiwaambie kwamba tuvipende vya kwetu. Hakuna aliyewahi kufungua riwaya kwa sababu ya kusutwa. Usiseme pia kwamba kitabu ni kizuri sana na kina mafunzo mengi. Hiyo ni lugha ya karatasi ya mtihani na watu wataikimbia. Wasimulie tukio moja, lile ambalo wewe mwenyewe hukuweza kulipita, kisha ulikate kabla ya mwisho. Rekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili ukiwasomea Mwajuma anavyogomba. Waambie na kasoro zake, na nani hatakipenda. Mtu akisikia kwamba Utengano inaumiza, au kwamba Kitereza anakwenda polepole, ataamini na sifa utakazozitoa. Hao wa vitabu vya fedha usiwabeze. Waambie tu kwamba Bwana Raza naye alikuwa na duka na mahesabu yake yalikuwa safi.

Nimalizie na PDF. Kazi ambayo mwandishi mwenyewe au mchapishaji ameiweka wazi kwa wasomaji, soma bila wasiwasi. Lakini nyingi ya hizo zinazorushwa ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, za vitabu vya watu walio hai, vilivyo dukani leo. Mwandishi wa Kiswahili hulipwa asilimia ndogo ya bei ya kila nakala, na nakala zenyewe si nyingi. Kikundi cha watu arobaini kikisoma PDF moja, kwake hiyo ni hasara anayoihisi. Mwambie mwenzenu kwa upole, faraghani, si mbele ya kikundi.

Mkishindwa kumudu bei, changeni watu wanne mnunue nakala moja izunguke. Ukienda dukani taja mwandishi na mchapishaji pamoja na jina la kitabu, kwani wauzaji wengi hupanga rafu kwa wachapishaji na "hatuna" yao mara nyingi maana yake ni "sijatafuta". Vya zamani kama Bwana Msa au Kitereza utavipata kwa bahati kwenye meza za vitabu vilivyotumika, au uulize maktaba ya mkoa, hapohapo Mwanza. Kitereza ukimpata katika vitabu vyote viwili, nunua hapohapo bila kujivunga kwenye bei, andika jina lako ndani ya jalada, na ukimwazima mtu mwazime kimoja kwanza. Cha pili atakipata akirudisha.